Mistari Iliyotuna

Katika katalogi za sarafu za Marekani, mwaka 1921 una mstari mmoja ambao waandishi huuandika kwa tahadhari. Juu yake kuna dola ya fedha ya kawaida, ile ya George T. Morgan, iliyopigwa Philadelphia kwa idadi ya 44,690,000. Hiyo haimsumbui mtu. Ni miongoni mwa dola za fedha zinazopatikana kwa urahisi kuliko zote. Chini yake kuna prufu za Chapman, chache mno, na bei zake ni za kununulia kiwanja. Katikati ya hizo mbili imejibanza dola ya Zerbe. Mwandishi huyu ataiita prufu, yule ataiita chapa maalumu, na mwingine ataisukuma kwenye tanbihi aendelee na safari yake. Wote wameshika sarafu ileile: gramu 26.73, fedha sehemu tisa kwa kumi, kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili. Hawabishani juu ya uzito wala umri wake. Wanabishana juu ya siku iliyozaliwa: je, kuna mtu aliyekusudia kuipiga kwa namna ya pekee, au ilitoka tu na wenzake?

Navutiwa na ubishi huu kwa sababu ya kazi ya macho iliyomo ndani yake. Watu wengi hudhani prufu ni daraja la uzuri, kwamba sarafu ikimeta sana inastahili jina hilo. Sivyo. Prufu ni namna ya kutengeneza. Sarafu iliyopigwa prufu inaweza kuangukia mfukoni mwa mtu, ikasagika na funguo hadi ikafifia, na ikabaki prufu. Nyingine inaweza kuwaka ukajiona uso, na isiwe prufu hata kidogo. Kwa hiyo anayepanga sarafu katika katalogi analazimika kuutazama uso wa fedha na kusimulia mambo yaliyofanyika kiwandani miaka mia iliyopita, bila shahidi yeyote isipokuwa fedha yenyewe.

Mambo hayo ni haya. Kwa prufu ya kung'aa ya zama za Morgan, kisahani kitupu cha fedha kilichaguliwa na kusuguliwa kabla ya kuguswa na chochote. Muhuri wa chuma nao ulisuguliwa sehemu yake tambarare, ile itakayokuwa uwanja wa sarafu, hadi ukawa kioo. Fundi akakiweka kisahani kwa mkono, kimoja kimoja, na mashine ikabana kwa nguvu nyingi na bila haraka, tofauti na mashine za kazi za kila siku zilizokuwa zikitema makumi ya sarafu kwa dakika. Mbano wa polepole unaipa fedha nafasi ya kutiririka na kujaza kila pembe ya muhuri. Ndiyo maana ukingo wa prufu unatoka mpana, wenye kona kali, na mara nyingine na uzi mwembamba wa fedha uliochomoza pale fedha iliposukumwa kati ya muhuri na pete inayouzunguka.

Kama mambo yangeishia hapo, katalogi zingeandikwa na mwanafunzi yeyote. Tatizo ni kwamba mihuri ya kawaida ya dola za Morgan ilikuwa na tabia ya kujifanya prufu. Kabla ya kuanza kazi, muhuri ulisuguliwa juu ya sahani inayozunguka yenye mbonyeo mdogo, ili uwanja wake upate mpindo unaotakiwa. Lengo lilikuwa mpindo tu, lakini usuguaji uliacha kioo nyuma yake, na sarafu za mwanzo kutoka kwenye muhuri huo zikatoka zikiakisi. Kadiri mapigo yalivyoongezeka, fedha iliyotiririka kutoka katikati kwenda ukingoni iliukwangua ule uso, kioo kikafa, na mahali pake ukaja mng'aro mwingine, ule unaozunguka kama miale ukiigeuza sarafu chini ya taa. Mpaka leo wakusanyaji wana kipimo cha jambo hili. Wanaisimamisha sarafu juu ya karatasi yenye maandishi madogo, wanaivuta nyuma taratibu, na kuangalia ni kwa umbali gani herufi bado zinasomeka ndani ya uwanja. Zikisomeka kwa sentimita tano hadi kumi, sarafu imefanana na prufu. Zikipita kumi na tano, kioo chake ni kirefu. Hata hivyo, zote hizo ni sarafu za kawaida. Kioo peke yake si ushahidi, na hilo ndilo somo la kwanza ambalo anayeanza hulikataa, hasa akiwa ameshatoa hela.

Jicho lililozoea linatazama kwanza mistari. Chukua dola ya 1921, iinamishe chini ya taa moja, taa isiyo na kivuli cha pembeni, na uisogezee lenzi inayokuza mara tano au saba. Uwanjani, mbele ya uso wa yule mwanamke, utaona mistari myembamba. Swali la kwanza ni hili: imezama au imetuna? Mfyatua tofali angekujibu mara moja. Kalibu yake ikichubuka kwa ndani, kila tofali linatoka na kigongo mahali palepale. Tofali likichubuka baada ya kutoka, linapata shimo. Mkwaruzo uliokuwa kwenye muhuri unatokea kwenye sarafu ukiwa umetuna, na utaonekana mahali hapohapo kwenye kila sarafu ya muhuri huo. Mkwaruzo ulioletwa na kitambaa cha mtu aliyetaka kuisafisha sarafu umezama, na ni wa sarafu hiyo peke yake.

Kuna ushahidi mwingine mzuri zaidi, na huo ndio unaonifanya niwastahi watu hawa. Fuata mstari mmoja uliotuna hadi unapofika kwenye shavu. Utakatika hapo, ghafla, halafu utaendelea upande wa pili wa uso, kati ya nywele na herufi, kama uliopita chini yake. Sababu yake ni kwamba kichwa kilichoinuka kwenye sarafu ni shimo kwenye muhuri. Jiwe la kusugulia lilipita juu ya uso wa chuma na halikuweza kufika ndani ya shimo. Kitambaa hakina shida hiyo. Chenyewe kinapanda shavuni na kushuka, na mikwaruzo yake inapita juu ya kila kitu. Kwa hiyo mtu aliyekaa na sarafu kwa nusu saa anaweza kukuambia mkono wa fundi ulizunguka kwa upande gani, kama aliharakisha, na kama alirudia kazi.

Sasa uirudishe dola ya Zerbe chini ya lenzi. Uwanja wake unaakisi, ndiyo, lakini si kioo safi. Umejaa mistari iliyotuna, inayozunguka na kukatizana, alama za usuguaji wa nguvu ambao haukumaliziwa. Kwenye prufu ya Chapman fundi aliendelea hadi mistari hiyo ikafutika. Uwanja ni mweusi ukiutazama wima na mweupe ukiuinamisha, na kichwa kinasimama juu yake kwa ukali. Kwenye Zerbe kazi iliishia njiani. Kisha tazama nywele zilizo juu ya sikio, na manyoya ya kifua cha tai. Sehemu hizo mbili ndizo za mwisho kujazwa na fedha, kwa kuwa kilele cha upande mmoja kiko mgongoni mwa kilele cha upande mwingine, na fedha inagombaniwa na pande zote mbili. Mbano wa prufu huimaliza kazi hiyo. Kwenye dola nyingi za Zerbe nywele ni nzuri, ila ni uzuri unaoweza kuupata kwenye sarafu ya kawaida iliyopigwa vizuri.

Mwaka 1921 wenyewe ulikuwa wa vurugu, na chanzo chake kiko nyuma kidogo. Mwaka 1918 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Seneta Key Pittman wa Nevada, na kwa sheria hiyo dola 270,232,722 zikayeyushwa. Sehemu kubwa kabisa ya fedha hiyo iliuziwa Uingereza kwa ajili ya India, ambako uvumi wakati wa vita ulikuwa umewafanya watu wakimbilie kubadilisha noti zao kwa rupia za fedha, na akiba ilikuwa inakaribia kukauka. Dola za Morgan zikavuka bahari zikiwa vipande, zikageuka rupia. Afrika Mashariki yetu nayo ilikuwa katika habari hiyohiyo, maana rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya Mombasa, Zanzibar na Kampala. Bei ya fedha ilipopaa baada ya vita, rupia ikapanda nayo dhidi ya pauni, wenye mashamba na wafanyabiashara wakalalamika kila mmoja kwa sababu zake, na serikali ya kikoloni ikaleta florini mwaka 1920, kisha punde tu shilingi. Shilingi za kwanza za Afrika Mashariki zina mwaka 1921 na fedha halisi robo tu. Zanzibar yenyewe ilikaa na rupia yake hadi 1936.

Sheria ya Pittman iliagiza pia dola zilizoyeyushwa zirudishwe, kwa fedha ya migodi ya Marekani kwenyewe, kwa dola moja kwa aunsi. Kazi hiyo ilipoanza mwaka 1921, dola ya Morgan ilikuwa haijapigwa tangu 1904, na vifaa vya zamani vya kuzalishia mihuri inaelezwa viliharibiwa mwaka 1910. Morgan, mzaliwa wa Birmingham huko Uingereza, alikuwa amekaribia miaka 76 na ndiye mchongaji mkuu wa kiwanda. Akaitengeneza upya dola yake ya ujanani, safari hii ikiwa na mchoro uliolala zaidi, usioinuka kama ule wa kwanza. Viwanda vitatu, Philadelphia, Denver na San Francisco, vilitoa dola zaidi ya milioni 86 za Morgan katika mwaka huo mmoja. Kwa mwendo huo mihuri ilichakaa, ikasuguliwa, ikarudishwa kazini. Uwanja uliojaa mistari si ajabu katika mwaka wa namna hiyo.

Jambo la pili linalotatiza ni daftari. Philadelphia iliacha kuwauzia wakusanyaji prufu za fedha mwaka 1915 na haikurudi hadi 1936. Mwaka 1921 uko katikati ya ukimya huo. Prufu yoyote ya mwaka huo ilitoka kwa mlango wa nyuma, kwa hisani ya mtu aliyekuwa ndani, na hisani haiandikwi kwenye vitabu vya kiwanda. Henry Chapman, mfanyabiashara wa sarafu wa Philadelphia, alizipata zake kwa Morgan mwenyewe, na ubora wake haumwachi mtu na shaka: hata bila karatasi, fedha inajieleza.

Farran Zerbe ni habari nyingine. Alikuwa rais wa Chama cha Wakusanyaji wa Sarafu cha Marekani kati ya 1908 na 1910, mtu wa maonyesho, mjuzi wa kuita watu na kuwasimulia. Andiko lake la kutaka itolewe sarafu ya kuadhimisha amani lilisomwa katika mkutano wa chama huko Chicago mwaka 1920, na ndilo lililosaidia kuzaa dola ya Amani iliyochorwa na Anthony de Francisci. Dola hiyo ilichelewa. Za kwanza zilipigwa siku za mwisho za Desemba 1921. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba wakati Zerbe akiisubiri, alipigiwa kwa upendeleo dola kadhaa za Morgan. Ni kisa kitamu. Kina mtu maarufu, kina kusubiri, kina mzee mchongaji anayetoa zawadi. Ila utamu wa kisa haujawahi kuwa ushahidi, na nadhani katika mstari mzima wa katalogi hakuna kilicho dhaifu kuliko jina hilo.

Walioeneza habari za prufu zisizo na daftari hawakuwa wajinga. Walter Breen, aliyetoa mwaka 1977 ensaiklopedia yake ya prufu za Marekani, alikuwa na kumbukumbu ya kutisha na alikuwa ameshika sarafu nyingi kuliko karibu kila aliyemsoma. Lakini aliandika kwa uhakika mahali ambapo palihitaji "huenda", na wauzaji walinakili uhakika huo kwa furaha. Watafiti waliokuja baada yake waliingia kwenye nyaraka za serikali, wakatafuta ankara, barua na hesabu za mihuri, na madai mengi yakakosa pa kusimama. Leo kampuni za kupima sarafu ndizo zinazobeba mzigo. PCGS huiandika dola hii kuwa chapa maalumu ya Zerbe, neno linalokwepa kuiita prufu bila kuirudisha miongoni mwa zile milioni 44. NGC imewahi kuziweka baadhi yake kwenye kundi la prufu. Sarafu moja, vibandiko viwili tofauti, na tofauti ya kibandiko ni maelfu ya dola.

Watu husema hilo ni ushahidi kwamba fani nzima ni ubabaishaji. Mimi naona kinyume. Ubabaishaji ungekuwa kila mtu kukubaliana. Hata daftari likiwepo, swali halifi: mwaka 1894 kiwanda cha San Francisco kilipiga sarafu za senti kumi 24 tu, idadi hiyo imeandikwa rasmi, na bado wataalamu wanapingana kama zilipigwa kwa ufundi wa prufu au kwa ufundi wa kawaida na mihuri mipya. Karatasi inajua idadi. Haijui mkono wa fundi ulifanya nini siku ile.

Wakusanyaji wa huku kwetu wanakutana na jambo lilelile kwa sura nyingine. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, ya Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, yenye jua lenye taji upande mmoja na mizani upande wa pili, ilipigwa na kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na Heaton walikuwa mafundi. Prufu zake zipo. Zipo pia za kawaida zilizotoka kali na zenye kung'aa kiasi kwamba muuzaji asiye na haya, au asiye na lenzi, anaziita prufu. Na kwa rupia za India mambo ni magumu zaidi, maana viwanda vya Calcutta na Bombay vilikuwa na desturi ya kuwapigia wakusanyaji sarafu za miaka iliyopita kwa mihuri ya zamani. Katalogi nzuri zinatenga mistari: prufu ya asili, na prufu iliyopigwa baadaye. Kuzitenganisha hizo mbili mkononi ni kazi ya kutafuta kutu iliyoung'ata muhuri uliokaa stoo, ambayo kwenye sarafu hutokea kama vipele vidogo vilivyotuna. Kanuni ni ileile ya mistari.

Kinachonivutia kwa wasomaji hawa wa sarafu ni subira ya kulinganisha. Mwaka 1971 Leroy Van Allen na A. George Mallis walichapisha kazi iliyoanza kuzipanga dola hizi kwa mihuri yake, na mpaka leo watu wanaendelea kuongeza aina, kila muhuri ukiwa na namba yake, kwa mkwaruzo huu, kwa herufi iliyolala kidogo, kwa tarakimu iliyorudiwa. Ni kazi ya kuchosha. Lakini ukishaujua muhuri, unaweza kuufuata maisha yake yote: kwanza ukiwa mpya na kioo chake, kisha ukichoka, kisha ukipata nyufa, na mwisho ukitupwa. Na hapo swali la prufu linapata namna ya kujibiwa bila kumtaja Zerbe wala Morgan. Muhuri uliotengenezwa kwa kazi ya pekee huonekana kwenye sarafu za pekee. Ukikuta mistari ileile iliyotuna, mahali palepale mbele ya pua, kwenye dola iliyochakaa iliyopita mikononi mwa wachuuzi, basi muhuri ule ulikwenda kazini na wenzake siku ileile au siku iliyofuata, na upekee wa zile za mwanzo ni upekee wa kuwahi foleni.

Ningekuwa mwenye katalogi, ningelifuta jina la Zerbe. Ningeacha mwaka, kiwanda, uzito, na maelezo mafupi: sarafu za mwanzo, muhuri uliosuguliwa upya, uwanja wenye mistari. Kwa prufu za Chapman nisingegusa neno. Bei za zile za kwanza zingeshuka asubuhi ileile, na simu ya kwanza kupokelewa ingekuwa ya muuzaji.